Rubondo: Utalii wa porini jirani na wachimba dhahabu

WASAFIRI wengi wanaofika Bugarama, wilayani Kahama, hufuata dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, umelifanya eneo hilo kujulikana ndani na nje ya nchi. Hata hivyo, ni wachache wanaotambua kuwa barabara ya kutoka huko kwenda Geita inawasogeza pia kwenye kisiwa chenye sokwe, tembo na nzohe.

Kisiwa hicho ni Rubondo, kilichoko kusini magharibi mwa Ziwa Victoria. Kilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 457, karibu nusu yake ikiwa ni maji.

Sokwe hawakuwa wenyeji wa hapo. Waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kwa jitihada za mhifadhi Mjerumani, Bernhard Grzimek, baada ya kuishi katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Waliachiwa msituni, wakajifunza upya kujitafutia chakula na hatimaye wakazaliana.

Kwa kuwa kisiwa hakina simba, matembezi ya miguu ni miongoni mwa shughuli zake kuu. Mgeni huweza kufuatilia nyayo za sokwe, kutazama ndege, kusafiri kwa boti au kuvua sangara kwa ndoano kwa kibali maalumu.

Hata hivyo, kutokuwapo kwa simba hakumaanishi kutokuwapo kwa hatari. Mamba na viboko wamo majini, hivyo kuogelea hakufai. Tembo nao wamo msituni, na ndiyo sababu mgeni hapaswi kuachana na mwongozaji. Mwenye mafua asiwakaribie sokwe, kwani magonjwa ya binadamu huwaambukiza kwa urahisi.

Kutoka Geita, msafiri anaweza kwenda Nkome au kupitia Chato, kisha kuvuka kwa boti. Hapa ndipo penye kuhitaji umakini zaidi. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimebeba abiria kupita uwezo wake. Watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Kwa hiyo, msafiri apange boti mapema kupitia hifadhi, avae jaketi la kujiokolea tangu ufukweni, na akatae kupanda chombo kilichojaa au kuondoka ziwa linapochafuka.

Miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo ni ya kiangazi, hurahisisha matembezi msituni. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni vya chini kuliko vya wageni wa nje.

Dhahabu ya Bulyanhulu itafika siku itakwisha. Msitu wa Rubondo, ukitunzwa, utabaki. Ni vema wakazi wa ukanda huo wakaufahamu kabla ya kusimuliwa na wageni.