Choma ya Buchari au Choma ya Nyumbani? Tulilipia Zote kwa Simu, Hesabu Ndiyo Hii

Ubishi ulianza Ijumaa jioni ofisini. Mmoja wetu anaishi Kawangware, na alisema haoni sababu ya mtu kujisumbua kuchoma nyama nyumbani wakati buchari iko hatua chache kutoka mlangoni. Mwingine, wa Kibera, akamjibu kwamba watu wa buchari wanakula pesa zetu bure: nunua nyama mbichi, washa jiko, ule kwa nusu bei. Hakuna aliyekuwa na hesabu. Kila mmoja alikuwa na mdomo tu.

Tukaamua kujaribu. Jumamosi mbili, watu wanne walewale, kilo mbili za ng'ombe, ugali, kachumbari na soda. Sharti lilikuwa moja: kila shilingi ipite kwa simu. Noti ikishatoka mfukoni huwezi kuiuliza ilienda wapi, lakini meseji inabaki.

Bei utakazosoma hapa ni zile tulizolipa siku hizo mbili. Mtaani kwako zinaweza kuwa juu au chini kidogo. Wewe angalia jinsi hesabu inavyopigwa, kisha uweke bei zako.

Jumamosi ya kwanza: Kawangware

Tulikutana stage ya 46 saa saba mchana. Nyama ya upande huu wa Nairobi haitoki mbali, kwa sababu vichinjio vya Dagoretti viko karibu, na buchari zimejipanga kando ya barabara, moshi ukikuita kabla hujaona kibao.

Ukiingia, nyama inaning'inia dirishani. Unaonyesha kipande unachotaka, kinakatwa, kinapimwa kikiwa kibichi, halafu kinaenda motoni. Hapa ndipo wateja wengi hulalamika. Kilo unayolipia ni kilo mbichi. Ikichomwa, nyama hupoteza maji na mafuta, na inaweza kurudi kwa ubao ikiwa imepungua robo au hata zaidi. Huo si wizi, na hata nyumbani itapungua vilevile. Wizi, ukiwepo, huwa kwa mizani. Kabla nyama haijawekwa juu, angalia kama mizani inasoma sifuri. Angalia pia muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye mzoga. Kama hauuoni, uliza bila aibu.

Tulingoja karibu saa nzima. Hii ndiyo hesabu yetu:

- Nyama kilo 2, ikiwa imechomwa (760 kwa kilo): 1,520
- Ugali sahani 4: 160
- Kachumbari sahani 2: 100
- Soda 4: 240
- Jumla: 2,020

Sasa ada. Kabla ya kwenda, watatu kati yetu tulimtumia mwenzetu mmoja 500 kila mtu, naye akaongeza yake. Kwa viwango vya M-Pesa tunavyotumia, kutuma kati ya 101 na 500 ni shilingi 7, kwa hivyo hapo tukakatwa 21. Nyama tulilipia kwa namba ya till, na mteja anayelipa kwa till hakatwi chochote. Ugali na kachumbari zilitoka kwa mama aliye mlango wa pili, ambaye hutumia namba yake ya simu: 7. Soda, vivyo hivyo: 7. Ada zote zikawa 35, na mchana wetu ukagharimu 2,055. Karibu 514 kwa kila mtu.

Tulikula, tukanawa mikono, tukaondoka. Hakuna aliyeosha sufuria.

Jumamosi ya pili: Kibera

Wiki iliyofuata tulikuwa Makina, kwa ploti anayoishi mwenzetu. Yeye ndiye aliyesema tutakula kwa nusu bei, kwa hivyo tulimwachia uongozi.

- Nyama mbichi kilo 2 (600 kwa kilo): 1,200
- Makaa mikebe 2: 200
- Wavu wa kuchomea: 250
- Unga pakiti ya kilo 2: 170
- Nyanya, vitunguu, dhania, pilipili na limau: 120
- Soda ya lita 2: 220
- Kiberiti: 10
- Jumla: 2,170

Wavu, unga, soda na kiberiti tulilipia kwa till, bila ada. Kuchanga kulikula 21 kama wiki iliyopita. Buchari ya pale haikuwa na till, kwa hivyo 1,200 ilienda kwa namba ya simu na tukakatwa 23. Makaa 7, mama mboga 7. Ada zikafika 58, na jumla yote ikawa 2,228. Hiyo ni karibu 557 kwa kila mtu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Choma ya nyumbani ilitushinda bei. Mtu wa Kawangware hakutupa nafasi ya kupumua.

Lakini mtu wa Kibera alikuwa na hoja, na tuliipima. Wavu unanunuliwa mara moja tu. Unga tulitumia nusu pakiti. Ukitoa wavu na nusu ya unga, choma ya nyumbani inashuka hadi 1,893. Kwa watu wanne hiyo ni 162 chini ya buchari, kama shilingi 40 kwa kila mtu. Wavu wa 250 unajilipa ukichoma mara ya pili. Kwa hivyo nyumbani ni nafuu, lakini si nusu bei, na si mara ya kwanza.

Makaa ndiyo yanaamua

Mbona tofauti ni ndogo hivyo wakati nyama mbichi ni nafuu kwa 160 kila kilo? Kwa sababu ya moto. Mwenye buchari anawasha moto mmoja na kuuzia watu siku nzima. Wewe unawasha moto wako kwa mlo mmoja. Na makaa si bei ya zamani: serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, bei ilipanda, na wengi wetu tunakumbuka mkebe ulivyopungua huku bei ikiongezeka.

Ndiyo maana idadi ya watu hubadilisha hesabu. Ukiwa peke yako na nusu kilo, kwa bei zetu buchari itakugharimu 470 pamoja na ugali na kachumbari. Nyumbani, nyama ni 300, mkebe wa makaa 100, na ukiongeza unga na nyanya unafika 480 kabla hujaosha chombo. Lakini watu wanane na kilo nne ni hadithi nyingine. Buchari inafika 4,040. Nyumbani, kwa sababu mikebe mitatu inatosha na wavu uko tayari, tulipata kama 3,560. Hapo umeokoa kama 480.

Kwa maneno mengine: mmoja au wawili, nendeni buchari. Wanne, ni kupenda kwenu. Wanane na zaidi, washeni moto, mradi mna nafasi ya nje.

Nafasi ya nje si maneno ya kujaza ukurasa

Saa tisa hivi mvua ilianza Makina. Nyama ilikuwa nusu mbichi. Mwenzetu alishika jiko kwa masikio kulirudisha ndani ya chumba chake, chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha moja, na sisi tukamfungulia mlango. Mama mmoja jirani alitoka kwake akiwa na leso kichwani akasimama mbele yetu.

"Wanangu, hilo jiko likiingia humo, mimi naita watu."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alituambia aweke wapi: chini ya mabati yaliyotokeza nje ya mlango wake, mahali upepo unapita. Tukachoma hapo, wanne tumebanana ukutani, na yeye akapata mbavu mbili za kwanza.

Alikuwa sawa kabisa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi ambao mtu anaweza asiamke. Makaa ambayo yameacha kutoa moshi bado yanaitoa, kwa hivyo usidanganyike kwamba jiko "limeiva" na sasa ni salama kulala nalo. Mtu akianza kuumwa kichwa karibu na jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na mtafute msaada wa hospitali. Tumeandika ada za shilingi 7 kwa kirefu, lakini kama nyumba yako haina mahali pa nje pa kuchomea, usipige hesabu yoyote. Nenda buchari.

Ada: tungeweza kuokoa nini?

Tuliporudi kusoma meseji, tuliona kwamba kati ya 58 tulizokatwa Kibera, 44 hazikuwa na lazima. Ukichoma mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka hizo ni 1,056. Kwa bei tuliyolipa, ni zaidi ya kilo moja na nusu ya nyama mbichi. Wakati ujao tutafanya hivi:

- Msichange kwa mtu mmoja. Kila mtu alipe sehemu yake moja kwa moja kwa till ya buchari. Kawangware, kila mmoja angelipa 380 ya nyama na 21 zingebaki kwetu. Nyumbani, gawaneni ununuzi: mmoja nyama, mwingine makaa, mwingine mboga.
- Uliza till kwanza. Nyama ya Kawangware ya 1,520 ingelipwa kwa namba ya simu, tungekatwa 33. Kumbuka tu kwamba mwenye till ndiye hukatwa asilimia ndogo, ndiyo sababu wengine hupendelea namba ya simu. Ukipata mwenye till, mrudie.
- Jua ngazi za ada. Kutuma hadi 100 ni bure. Kutuma 500 ni 7, lakini 501 ni 13. Shilingi moja inaweza kukupandisha ngazi.
- Soma jina kabla ya PIN. Kibera, mwenye buchari alitutajia namba kwa sauti, na redio ilikuwa juu. Jina lililotokea kwa simu halikuwa lake. Tulikuwa tumekosea tarakimu moja. Tukafuta, tukaanza upya, na 1,200 zetu zikabaki salama. Kama umeshatuma kwa mtu asiyefaa, usimpigie kumbembeleza kwanza. Sambaza ile meseji ya M-Pesa kwenda 456 haraka, kabla pesa hazijatolewa.
- Kwa wewe unayechoma na kuuza: usiangalie meseji kwenye simu ya mteja. Ngoja yako iingie, uangalie salio, kisha utoe nyama. Meseji ya kughushi inafanana sana na ya kweli.

Na kama salio halitoshi?

Hili tunaliandika kwa sababu Jumamosi ya kwanza mmoja wetu karibu alipie soda kwa Fuliza. Huduma hiyo inasaidia ukikwama kweli. Lakini choma ya mkopo ina ada juu ya bei ya nyama, na pesa ya kwanza itakayoingia kwa simu yako hukatwa deni kabla hujaigusa. Kama unalipwa kwa siku, mjengo au kibarua kingine, hiyo pesa ya kwanza huenda ndiyo nauli ya Jumatatu asubuhi. Punguza kilo. Nusu kilo kwa watu wawili, na ugali mkubwa, bado ni choma.

Ubishi wa ofisini haukuisha, lakini sasa una namba. Mtu wa Kawangware bado anakula buchari, sasa analipa kwa till tu. Mtu wa Kibera ana wavu wake, na tumekubaliana mwisho wa mwezi tuwe wanane. Mama jirani ameshaalikwa.

Wikendi hii, ukimaliza kula, kabla hujalala fungua meseji zako na ujumlishe: nyama ngapi, moto ngapi, ada ngapi. Itakuchukua dakika tano. Wikendi ijayo utajua uende wapi.