Ngozi inayowasha Likasi: kosa la mgodi na lisilo la mgodi

Kuanzia Mei hadi Septemba, Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, haipati mvua ya maana. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo Juni na Julai usiku huwa wa baridi kali, hewa inakauka, na vumbi jekundu la mitaa ya Kikula na Panda linaingia mpaka kwenye shuka. Ndio msimu ambao mtoto mwenye ukurutu, wengine huuita pumu ya ngozi, hujikuna hadi alfajiri. Lawama nazo hutafuta pa kutua: vumbi la mgodi, asidi ya kiwanda cha Shituru, au mkono wa jirani.

Jirani tumwache. Mgodi tuupe haki yake, maana unayo makosa ya kweli, ila ukurutu wa mtoto haukuanzia huko.

Ukurutu wa kurithi mara nyingi hujitokeza kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, na wengi huanza mwaka wa kwanza. Tabaka la juu la ngozi ya mtoto huyu ni kama bati lenye matundu ya misumari: maji ya mwilini yanatoka, vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoshikiza tabaka hilo, huongeza sana uwezekano wa ugonjwa huu. Hata hivyo hitilafu zilizozoeleka Ulaya ni nadra kwa Waafrika, kwa hiyo kwetu jeni hiyo haimalizi maelezo. Kinga ya mwili nayo ina sehemu yake: inamwaga kemikali ziitwazo interlukini 4 na 13, ambazo huleta uvimbe na kuzidi kuidhoofisha ngozi. Mtoto anajikuna, ngozi inachanika, bakteria wa stafilokoki wanaingia, uvimbe unapanda, naye anajikuna tena.

Vitabu vingi vya tiba vimechora ukurutu kwenye ngozi nyeupe, ambako huonekana mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Utaona rangi ya kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea, vipele vidogo vinavyokwaruza mkono, na ngozi iliyonenepa kwa kukunwa. Anayesubiri wekundu atachelewa. Na kama nyumba nzima inajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, fikiria upele kwanza, ambao una dawa nyingine na huambukiza. Ukurutu hauambukizi. Hilo linafaa kurudiwa, kwani tangu Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, mtoto yeyote mwenye madoa hutazamwa kwa hofu. Mpox huja na homa, tezi zilizovimba na malengelenge yanayojaa usaha. Ukurutu huja na kurudi miaka mingi.

Sasa mgodi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko ilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote, na watoto waliwazidi watu wazima. Takwimu hizo zinatisha, lakini tusizitumie vibaya: kobalti kwenye mkojo ni ushahidi kwamba imeingia mwilini, si kwamba ndiyo iliyoleta vipele.

Kinachoumiza ngozi ni kobalti inayoigusa. Chembe zake hupenya, hujishikiza kwenye protini za mwili, na kinga huzikariri kama adui. Mguso wa kwanza hauonyeshi kitu. Baadaye, siku moja hadi tatu baada ya kugusa tena, mikono inavimba, inatoa malengelenge na kuwasha. Huo ni mzio wa mguso, ugonjwa mwingine kabisa, na hauchagui umri. Mwashi huupata kutokana na kromu ya saruji, mwenye hereni za bei rahisi kutokana na nikeli. Kipimo chake ni cha zamani, kilibuniwa na Josef Jadassohn mwaka 1895: vibandiko vyenye vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni, hubanduliwa baada ya saa 48, na ngozi husomwa tena siku moja au mbili baadaye. Pasipo kipimo, mahali penyewe hutoa ushahidi. Mtoto wa ukurutu huumia kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, mara nyingine upande wa nje. Mtu mwenye mzio huumia pale alipogusa.

Madhara hayaishii kwenye ngozi. Kukosa usingizi humfanya mtoto asinzie darasani, na baadhi yao hupata pumu ya kifua baadaye. Kinachoniudhi zaidi ni pomadi za sokoni. Nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, steroidi kali ambayo hutuliza muwasho siku chache na baadaye kuikondesha ngozi na kuficha fangasi wa ngozi. Steroidi si sumu. Ikipimwa na daktari, nyepesi usoni na kwa muda mfupi, ndiyo tiba. Mengine ni ya nyumbani: kuoga kwa muda mfupi, kuacha sabuni ya mche ya kufulia, na kupaka mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu.

Kwa mchimbaji mwenye mzio, pomadi bila kuacha kugusa madini ni kazi bure, na mzio ukishaingia hautoki. Glavu zilizotoboka zinaweza kuwa mbaya kuliko mikono mitupu, kwa kuwa hufungia vumbi na jasho ndani. Nguo za kazi zivuliwe nje ya mlango na zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto.