Maneti Inayomtafuta Mwenyewe wa Zamani

Maneti nyingi za mkono wa pili, vile vidhibiti vya michezo vya kushika mkononi, zinazosemwa zimekufa hapa Kalundu ni nzima. Zimeshuka bandarini kutoka Kigoma, au zimepita Gatumba kutoka Bujumbura, bila katoni, bila kitabu cha maelezo, pengine hata bila waya wa kuchajia. Mnunuzi anafinya kitufe, taa inawaka, inapepesa kidogo, inazimika. Tableti iko hapo hapo mezani na haioni kitu. Maneti inarudishwa kwa muuzaji, muuzaji anaitupa kwenye kapu la vipuri, na kijana aliyekuwa ameweka akiba yake anarudi nyumbani akiamini kwamba ameuziwa takataka. Hilo linaniuma, maana kinachokosekana hapo ni maelezo tu. Naacha kando maneti iliyokunywa maji ya ziwa. Hiyo ni ya fundi wa kuchomelea. Hapa nazungumzia ile iliyo kavu, yenye chaji, inayokataa tu kuonekana.

Watu hudhani maneti isiyo na waya, ikiwashwa, inatafuta kifaa chochote kilicho karibu. Sivyo. Inamtafuta mmoja tu, yule iliyemzoea mwisho. Ukinunua maneti ya DualShock 4, ile iliyotoka pamoja na PS4 mwaka 2013, halafu ukafinya kitufe cha PS cha katikati peke yake, inaita PS4 ya mwenyewe wa zamani, hata kama PS4 hiyo ilibaki Dubai. Haijibiwi. Inangoja, inachoka, inajizima ili kulinda betri. Muda wote huo tableti yako haikuitwa hata mara moja.

Sababu iko katika namna Bluetooth inavyofanya kazi. Mawimbi yake yako kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5, na katika mfumo wake wa asili eneo hilo limegawanywa njia nyembamba 79. Vifaa viwili vinavyozungumza havikai kwenye njia moja. Vinaruka pamoja kutoka njia hadi njia, mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio unaotokana na anwani na saa ya kile kinachoongoza mazungumzo. Wazo la kurukaruka masafa ni la zamani: mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza yake Marekani mwaka 1942, wakifikiria kombora la majini ambalo adui asingeweza kulivuruga. Kampuni ya Ericsson ya Sweden ndiyo iliyoanza kutengeneza kitu kilichokuja kuitwa Bluetooth, mwaka 1994.

Ili viweze kuruka pamoja hivyo, vifaa lazima kwanza vitambulishane, na kuoanisha ni ile mara ya kwanza. Vifaa vinapeana anwani, vinakubaliana juu ya ufunguo wa siri wa biti 128, na kila kimoja kinauhifadhi kwake. Kuanzia hapo havihitaji tena kutambulishwa, vinatambuana vyenyewe kila vikikutana. Ufunguo huo uko pande mbili, na upande mmoja ukiufuta huku mwingine bado unao, vitagombana: tableti itaandika kwamba imeunganishwa, sekunde moja baadaye imekatika, tena imeunganishwa, tena imekatika. Ukiona hivyo usiendelee kubonyeza jina lile lile kwa hasira. Fungua orodha ya vifaa, gusa alama iliyo pembeni ya jina, ulisahaulishe kabisa. Kwenye tableti zetu nyingi, zilizowekwa Kifaransa, utaona neno “Oublier” au “Dissocier”. Kisha anza kama mgeni.

Maneti nayo lazima iambiwe kwamba sasa inatafuta mgeni. Mazungumzo ya pale kwenye meza ya fundi huwa hivi:

“Yaya, maneti inawaka tu, tableti haiioni.”

“Lete. Ulifinya wapi?”

“Pale katikati.”

“Finya tena pale, pamoja na hii ndogo ya kushoto, SHARE. Usiachilie.”

Angalia taa wakati huo, kwa sababu ndiyo inayosema ukweli. Ukifinya PS peke yake, ukanda wa taa ulio mbele unapepesa taratibu, pigo moja moja: unamwita mwenyewe wa zamani. Ukishika SHARE na PS pamoja kwa sekunde tatu hadi tano, mwendo unabadilika. Taa inapiga mbilimbili, haraka haraka, kisha pumziko fupi, kisha mbili tena. Hapo ndipo maneti imefungua mlango. Nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth, gusa sehemu ya kuongeza kifaa kipya, ungoje jina “Wireless Controller”. Liguse, ukubali, na taa itatulia. Ikiwa taa haikubali kupiga mbilimbili, tafuta tundu dogo mgongoni karibu na L2, uingize ncha ya pini na ushikilie sekunde chache. Hilo huirudisha maneti katika hali ya mwanzo. Ikiwa haiwaki kabisa, ichaji kwanza. Iliyokaa stoo muda mrefu hufika na betri tupu, na rangi ya machungwa inayopumua taratibu ni dalili kwamba inapokea umeme.

DualSense ya PS5 inafuata njia hiyo hiyo, ila kitufe kidogo ni kile cha Create. Maneti za Xbox zina kitufe cha kuoanisha juu, karibu na tundu la waya. Ukishikilie mpaka taa ya nembo ipepese kwa kasi.

Sasa jambo linalowaponza wengi sokoni. “Haina waya” na “ina Bluetooth” ni vitu viwili tofauti. Maneti ya kwanza ya Xbox One, ya mwaka 2013, haina Bluetooth ndani yake, inatumia redio ya Microsoft yenyewe. Ile yenye Bluetooth ilianza na Xbox One S mwaka 2016. Huhitaji kufungua skrubu ili kuzitofautisha. Tazama plastiki inayozunguka kitufe kikubwa cha nembo. Ikiwa inang’aa na imeungana na vitufe vya juu vya mabegani, ni ile isiyo na Bluetooth. Ikiwa ni plastiki ile ile ya uso wa maneti, bila kiungo, ni yenye Bluetooth. Zipo pia maneti za bei nafuu zinazouzwa na kijipande kidogo cha USB. Hizo huzungumza na kijipande chao tu, ingawa nazo hutumia gigahezi 2.4. Kijipande kikipotea njiani umebaki na mfano wa maneti. Kikiwepo, kinaweza kuchomekwa kwenye tableti kwa waya wa OTG, ule unaoiwezesha tableti kupokea vifaa vya USB, mradi tableti yenyewe ikubali OTG. Na maneti ya PS3 ina tabia yake: anwani ya mashine yake huandikwa ndani yake kupitia waya, na tableti ya kawaida ya Android haiwezi kufanya hivyo yenyewe. Muuzaji mwaminifu angekwambia usiinunue kwa ajili ya tableti.

Zile za Kichina zenye hali nyingi zinataka uvumilivu. Maneti moja inaweza kujifanya ya Android, ya iPad, ya kompyuta au ya Switch, kutegemea herufi unayoshika pamoja na kitufe cha kuwashia, na kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Izime kabisa kabla ya kujaribu herufi nyingine, na uangalie jina linalotokea kwenye orodha, kwa kuwa kila hali huja na jina lake. Ukiona mshale wa kipanya unatembea kwenye kioo, uko katika hali isiyo sahihi.

Imekubali? Usikimbilie mchezo. Kwenye Android, rudi kwenye ukurasa wa mwanzo na usukume vitufe vya mishale: alama inayoruka kutoka ikoni hadi ikoni inakuhakikishia kwamba muunganiko upo. Kwenye iPad, nenda mipangilio ya jumla, na sehemu ya vidhibiti vya michezo itakuwa imejitokeza. Kipimo hiki kidogo kinaokoa ugomvi mwingi, kwani tatizo likibaki baada yake, liko kwenye mchezo au kwenye toleo la mfumo, na hakuna haja ya kuanza kuoanisha upya.

Toleo lina uzito mkubwa hapa, maana tableti zinazotufikia mara nyingi ni za zamani. Android 10 na iPadOS 13, zote za mwaka 2019, ndizo zilizoanza kuipokea DualShock 4 rasmi. DualSense ilisubiri iPadOS 14.5 na Android 12, mwaka 2021. Chini ya hapo maneti inaweza kuungana vizuri kabisa halafu vitufe vikachanganyikana: unapiga mpira, mchezo unasimama. Chanzo chake ni kwamba kila maneti ikijitambulisha hutaja namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Sony ni 054C; DualShock 4 ya kwanza ni 05C4, na ile iliyoboreshwa ya mwaka 2016, yenye mstari wa mwanga juu ya kibao cha kugusa, ni 09CC. Android hutafuta faili lenye namba hizo ili ijue kitufe kipi ni kipi. Ikilikosa, hutumia mpangilio wa jumla na kubahatisha. Maneti ya kuigiza inayotaja namba za Sony huku vitufe vyake vimepangwa vingine huleta fujo ile ile, na hapo kosa si lako.

Dawa mara nyingi ipo ndani ya mchezo. Vijana wengi wanataka maneti kwa ajili ya mpira wa PSP kupitia PPSSPP, programu ya Henrik Rydgård iliyotoka mwaka 2012, na hiyo inakuruhusu kupanga kila kitufe upya kwenye mipangilio ya vidhibiti. Call of Duty: Mobile inapokea maneti wakati wa pambano, lakini kwenye menyu utarudi kutumia kidole. Kuna michezo iliyojengwa kwa kidole tu, na hakuna kuoanisha kutakakoibadilisha. Uliza hilo kabla hujatoa pesa.

Likibaki tatizo la kuchelewa, unafinya na mchezaji anapiga baadaye, angalia kilichopo chumbani. Simu inayogawa intaneti kwenye gigahezi 2.4 inachukua karibu robo ya uwanja wa Bluetooth. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 Bluetooth imejifunza kukwepa njia zenye kelele, lakini spika, simu tatu na maneti nne katika chumba kimoja zinabakiza nafasi ndogo. Hamishia mgao wa intaneti kwenye gigahezi 5 ikiwa simu inaweza, na usikae maneti ikiwa nyuma ya mwili wako, kwa kuwa mwili una maji mengi na maji hunywa mawimbi haya. Kwenye mashindano ningetumia waya bila kusita: OTG, pamoja na waya unaopitisha data. Nyaya nyingi za mezani sokoni zinapitisha chaji peke yake, na mtu anaweza kuzichomeka siku nzima bila tableti kutambua kitu.

Kuhusu maneti uliyoazima kwenye sali ya michezo: ukiioanisha na tableti yako, imeisahau PS4 ya sali, kwani DualShock 4 inakumbuka mmoja tu. Kabla ya kuirudisha, au mara tu ukiirudisha, ichomeke kwenye PS4 kwa waya wa data na ufinye PS mara moja; anwani itaandikwa upya hapo hapo. DualSense iliyopokea sasisho la Septemba 2025 inaweza kukumbuka vifaa vinne, na maneti ya Xbox ya mwaka 2020 inakumbuka Xbox moja na kifaa kimoja cha Bluetooth, unahama kwa kugonga kitufe cha kuoanisha mara mbili. Mwenye sali ya PS5 au Xbox anayeazimisha maneti zake kila wiki afikirie hizo mbili kwanza.