Mzee wa Kagera na Mama Aliyemngoja

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawaona viongozi wetu kwenye televisheni wakiweka ngao na mkuki, sime, shada la maua, upinde na mishale kwenye mnara wa kumbukumbu. Tarumbeta inalia, watoto wanauliza maswali mawili matatu, kisha tunarudi jikoni kuangalia maharage yasiungue. Mashujaa tunawafikiria kama watu wa mbali, waliolala Kaboya kule Muleba au Naliendele kule Mtwara. Waliorudi hatuwafikirii sana. Nao wako hapa hapa Kimandolu, wameketi barazani wakifukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

Hatuna budi kukiri kosa letu kwanza. Miaka mingi iliyopita, tukiwa wauguzi vijana katika zahanati moja, alikuja mzee mmoja mara kwa mara. Leo analalamika tumbo, kesho kichwa, wiki ijayo hapati usingizi. Sikio moja lilikuwa halisikii kabisa. Tulimpima presha, tukampa vidonge, tukamwambia apunguze pombe. Akishatoka tulitazamana na kutabasamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Baba, sikio hili lilipata nini?" Tungeuliza, tungeambiwa kwamba ni mizinga.

Jambo hili tulilijua baadaye sana, siku kikundi chetu cha akina mama wa usharika kilipokwenda kuwatembelea wazee. Tulibeba sukari, sabuni na unga. Mzee alitupokea vizuri, akaitikia shikamoo zetu zote, kisha akajiondokea polepole kwenda kwenye migomba. Tukabaki na mke wake, bibi ambaye mtaani wote tunamwita Koko, kama Waarusha wanavyomwita bibi. Alitutengea loshoro na chai ya maziwa, akaanza kusimulia kana kwamba alikuwa akingoja kuulizwa tangu zamani.

Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa wakati huo, kwa hiyo tukumbushane. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuteka sehemu ya nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800. Watu waliuawa, mifugo ikaswagwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akatangaza kwamba tutapigana. Jeshi letu lilikuwa na askari wapatao 40,000. Katika muda mfupi, pamoja na mgambo kutoka mikoa yote, wakazidi 100,000. Hao waliozidi hawakuwa wanajeshi wa maisha. Walikuwa wakulima, makarani, mafundi. Mume wa Koko alikuwa fundi mwashi.

"Aliondoka ukuta wa jiko ukiwa haujafika dirishani," Koko alituambia. Watoto walikuwa watatu, na wa nne alikuwa tumboni. Wanaume walipandishwa kwenye lori alfajiri, na yeye alichoweza kumpa ni ndizi za kuchoma na fulana ya sufi kwa sababu alisikia huko kuna mvua nyingi. Baada ya hapo, kimya. Jirani alikuwa na redio, na kila jioni wake wa walioondoka walikusanyika uani kwake kusikiliza Radio Tanzania. Siku ya tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilipotekwa, watu walishangilia barabarani. Koko hakushangilia. "Wanangu, redio ilitaja miji," alisema. "Haikutaja majina."

Mtoto alizaliwa. Kahawa ilichumwa, nani aliipalilia? Yeye na mama mkwe wake. Siku za soko alitembea mpaka Tengeru na mkungu kichwani na mtoto mgongoni. Hapo tulikumbuka jinsi tunavyolalamika daladala likichelewa.

Vita vilikwisha Juni 1979, lakini si askari wote waliorudi mara moja. Wengine walibakizwa Uganda kulinda amani hadi 1981. Wa Koko alirudi akiwa amekonda, na mtoto aliyezaliwa nyuma yake akamkimbia akilia, maana hakumjua. Tena alirudi kwenye nyumba isiyo na kitu. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na mama zetu watakwambia kwamba mkanda ule haukufunguliwa baada ya hiyo miezi 18. Wanakumbuka foleni za duka la kaya, sukari ya kupimiwa, unga wa njano, khanga moja kuvaliwa na mama na binti kwa zamu. Gharama ya vita ililipwa pia jikoni, ingawa jambo hilo hatuliandiki kwenye minara.

Na usiku je? Koko alipunguza sauti. Mumewe hakulala tena katikati ya chumba. Alihamisha kitanda karibu na mlango. Akiguswa usingizini anaruka na kukunja ngumi. Mkesha wa Mwaka Mpya, vijana wanapopiga fataki, hutoka na kwenda kukaa kwenye migomba mpaka kupambazuke, na Koko humfuata na blanketi. Kwa zaidi ya miaka 40 amemfuata na blanketi. Majirani walisema mzee amelogwa. Sisi wa zahanati tulisema pombe.

Siku hizi tunafundishwa kwamba mtu aliyepita kwenye mambo ya kutisha anaweza kubaki na mshtuko ndani yake kwa miaka, na kwamba unajionyesha kwa ndoto mbaya, hasira za ghafla, kujitenga, hata maumivu ya mwili yasiyoonekana kwenye vipimo. Pombe mara nyingi ni dawa anayojitibu mwenyewe. Mama mwenye mzee wa namna hii asimtikise kumwamsha. Asimame mbali kidogo, amwite kwa jina. Asimlazimishe kusimulia, ila akianza, televisheni izimwe. Na asione haya kumpeleka hospitali na kusema wazi kwamba mgonjwa huyu alikuwa vitani. Muuguzi asipouliza, sema wewe. Karatasi zake za jeshi na medali ziwekwe kwenye mkebe, mbali na mchwa na mbali na wajukuu wanaokusanya vyuma chakavu. Hilo la mwisho tunalisema kwa sababu limetokea.

Kizazi kingine tumeshakikosa. Babu zetu walioitwa keya, waliopelekwa Bama kupigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili, wengi walizikwa na habari zao. Ni wangapi kati yetu tunajua kwamba tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikiwa na askari wa Afrika Mashariki, ilizamishwa karibu na Maldives wakafa watu karibu 1,300? Ndani yake walikuwamo wauguzi wanawake. Sisi tulisomea uuguzi miaka mitatu, hatukusikia habari zao hata siku moja.

Mgambo aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1978 sasa anakaribia 70 au ameshaipita. Nao wajane wapya wapo: Desemba 2017 walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa kwa siku moja mashariki ya Kongo, wakaacha wake wenye watoto wadogo. Je, kuna mtu anayeketi uani kwao?

Tulirudi kwa Koko mwezi Julai. Safari hii mzee hakwenda kwenye migomba. Tulimwomba radhi kwa mambo ya zahanati, akacheka, akasema pombe nayo alikuwa akinywa, tusijilaumu sana. Kisha akamwagiza mjukuu alete daftari la shule na kalamu. Alimtajia majina sita ya wenzake waliopanda naye lori, polepole, na kila jina akamwambia lilitoka kijiji gani. La nne alilirudia mara mbili, mjukuu alikuwa amekosea herufi. Koko aliacha kupepeta mchele akasogea kusikiliza. Majina yale, alituambia tulipokuwa tunaaga, hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia.