Tumbo la Mtu Alaye Nyama Tupu

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za tumbo la mtu ambaye chakula chake ni nyama tu, asile ugali, wala wali, wala mboga, wala matunda. Labda wengine wenu mtacheka, mkisema kwamba hiyo ni shida ya matajiri, nanyi mngependa sana kuipata. Lakini sivyo. Ziko nchi za baridi kali ambazo ardhi yake haioti nafaka kabisa. Wako wawindaji na wachungaji ambao kwa miezi fulani hawana chakula kingine. Na siku hizi wako watu wa mijini ambao huacha nafaka kwa hiari yao, wakitumaini kupunguza mwili. Wengi katika hawa, wanapoanza, huona tumbo limechafuka: huyu anaharisha, yule hapati choo, mwingine ana kichefuchefu na miguu haina nguvu. Basi kila mmoja hutafuta dawa kwa kubahatisha, na pengine dawa aichaguayo ndiyo imzidishiayo ugonjwa.

Neno nitakalo mlishike ni hili: kabla ya kuilaumu nyama, tazameni ni nyama gani. Mnofu mtupu ni kitu kimoja, na mnofu pamoja na shahamu yake ni kitu kingine kabisa. Jambo hili lilipimwa hospitalini, na habari zake zafaa kusimuliwa kwa urefu.

Alikuwako msafiri mmoja, jina lake Vilhjalmur Stefansson, aliyezaliwa Kanada mwaka 1879 kwa wazazi waliotoka Iceland. Tangu mwaka 1906 alisafiri mara nyingi katika nchi za barafu za kaskazini, akakaa na Wainuit, ambao vitabu vya zamani viliwaita Waeskimo. Alikula kama walivyokula wao, yaani samaki, sili, na paa wakubwa wa nchi ile. Aliporudi mijini akasema kwamba aliishi muda mrefu kwa nyama na samaki tu, wala hakuugua. Madaktari wengi hawakumwamini. Walidhani mtu wa namna hiyo hana budi kupata kiseyeye, au figo zake kuharibika.

Basi mwaka 1928 Stefansson na mwenzake wa safari, Karsten Andersen, mtu wa Denmark, walikubali kuingia katika hospitali ya Bellevue mjini New York, wale nyama tu kwa muda wa mwaka mmoja. Majuma ya kwanza walilindwa usiku na mchana, ili mtu asije akasema kwamba walikula mkate kwa siri. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Dk. Eugene Du Bois, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1930. Yapasa pia mjue kwamba fedha za kazi hiyo zilitolewa na chama cha wenye viwanda vya nyama wa Marekani. Hilo peke yake haliifanyi taarifa kuwa ya uongo, lakini msomaji mwenye akili hupenda kujua nani alilipa.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Andersen aliruhusiwa tangu mwanzo kula shahamu kadiri alivyotaka, na tumbo lake likatulia. Stefansson aliambiwa aanze na mnofu mtupu, kila kipande cha shahamu kikiondolewa kwa kisu. Hata siku ya tatu akawa anaharisha, ana kichefuchefu, na mwili wote hauna raha. Hawakumpa uji wala dawa ya kufunga tumbo. Walimpa nyama yenye shahamu nyingi, na bongo lililokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Baada ya siku mbili hivi akapona. Kisha, kama kwamba tumbo limepinduka upande wa pili, akafunga choo kwa muda wa siku kama 10, na hilo nalo likapita. Tangu hapo akaendelea salama. Mwaka ulipokwisha, madaktari hawakuona kiseyeye kwa yeyote katika wale wawili, wala figo zao hazikuonyesha dalili ya kuharibika.

Na je, katika mwaka huo walikula nini hasa? Ng’ombe, kondoo, ndama, nguruwe na kuku. Na si mnofu tu, bali ini, figo, bongo na uboho wa mifupa. Kila siku protini, yaani kile kijengacho mwili kilicho katika mnofu, ilikuwa gramu 100 hadi 140, na shahamu gramu 200 hadi 300. Tazameni hesabu hiyo vema. Shahamu ilikuwa karibu mara mbili ya protini kwa uzito. Na kwa kuwa gramu moja ya shahamu hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya protini, mengi ya mafuta yaliyowasha taa ya miili yao yalitoka katika shahamu.

Stefansson mwenyewe hakushangaa. Kule kaskazini alikuwa amekwisha kuona watu wakiugua hivyo hivyo walipokosa wanyama walionona, wakala sungura tu. Sungura wa porini hana shahamu. Mtu hula mmoja, hula wawili, hula watatu, tumbo likavimba, na bado ana njaa. Baada ya juma moja hivi huanza kuharisha, kichwa humwuma, na nguvu humwisha. Asipopata shahamu mahali pengine, huweza kufa huku ameshiba. Watu wa huko huiita hali hiyo njaa ya sungura. Stefansson aliulizwa kwa nini kule barafuni mnofu ulichukua majuma mawili au matatu kumdhuru, na hospitalini siku tatu tu. Akajibu kwamba hata paa aliyekonda ana shahamu kidogo nyuma ya macho na ndani ya mifupa, lakini nyama ya hospitalini ilikuwa imesafishwa isibaki hata chembe.

Wala si yeye wa kwanza kulitambua jambo hili. Charles Darwin, mwanachuoni wa Uingereza, aliposafiri Argentina mwaka 1833, aliona wachungaji wa ng’ombe wakikaa miezi kwa nyama tu, nao wakipenda sana shahamu na kuchukia nyama kavu.

Sababu yake ni hii. Mwili ukitaka kupata nguvu kutoka katika protini, ini lazima kwanza liitenge takataka yake na kuifanya kitu kiitwacho yurea, nazo figo huitoa pamoja na mkojo. Kazi hiyo ya ini ina mpaka. Mtu akila mnofu kupita mpaka huo, sumu husalia katika damu, na kichefuchefu na udhaifu ndiyo dalili yake. Tena kutoa yurea kwahitaji maji mengi, kwa hiyo mla mnofu huona kiu isiyokwisha. Kwetu sisi hili si hadithi ya barafu tu. Mwaka wa ukame, ng’ombe akikonda hata mbavu zikahesabika, nyama yake ni mnofu mtupu, sawasawa na ya sungura yule. Wanaoila peke yake kwa siku nyingi wako katika hatari ile ile.

Baada ya kufahamu hayo, tuliangalie tumbo lenyewe. Mtu anayeharisha, naye ana njaa isiyoshibishwa, kiu na kichwa kizito, na chakula chake ni mnofu, kwanza aongezewe shahamu: nyama ya kifua au mbavu, mafuta ya mkia wa kondoo, uboho. Aongezewe kidogo kidogo kila mlo. Nasema kidogo kidogo, kwa sababu liko kosa la upande wa pili. Shahamu huyeyushwa tumboni kwa msaada wa nyongo, na tumbo lililozoea ugali kwa miaka 30 halijazoea kutoa nyongo nyingi kwa siku moja. Mtu akinywa bakuli zima la mafuta yaliyoyeyushwa, ataharisha vile vile, lakini choo chake kitakuwa cheupe-cheupe, chenye mafuta yanayoelea. Huyo apunguze shahamu, ale milo midogo, na aile ingali imeshikamana na nyama wala si ya kuyeyushwa. Tazameni jinsi wagonjwa hawa wawili walivyofanana kwa kuharisha, na dawa zao zilivyo kinyume.

Habari ya choo kukosekana huwatisha watu kuliko ipasavyo. Nyama huyeyuka karibu yote, haiachi makapi kama nafaka na mboga. Kwa hiyo choo huwa kidogo, na mtu aweza kukaa siku mbili au tatu bila kwenda. Kama kikija ni laini na tumbo halimwumi, hana ugonjwa. Asinywe dawa ya kuharisha. Akiwa anajikamua na choo ni kigumu kama mawe, huo ndio uyabisi wenyewe, na mara nyingi amekunywa maji kidogo, au shahamu yake ni haba.

Tena kuna udhaifu wa juma la kwanza. Mtu aachapo nafaka, mwili wake hutoa maji mengi pamoja na chumvi. Uzito hupungua upesi, naye hufurahi akidhani ni unene unaoondoka, kumbe mengi ni maji. Akisimama ghafula huona kizunguzungu, na usiku misuli ya miguu humkaza. Mchuzi wa mifupa uliotiwa chumvi humfaa sana, isipokuwa kwa mtu ambaye daktari amemkataza chumvi. Schwatka, askari wa Marekani aliyesafiri barafuni kati ya miaka 1878 na 1880, aliandika kwamba udhaifu huo wa mwanzo hupita baada ya majuma mawili au matatu.

Wamasai, ambao watu hupenda kuwatolea mfano, hawakuwa wala nyama tupu. Chakula chao cha asili kilikuwa maziwa hasa, pamoja na nyama na damu, na katika maziwa mna shahamu ya kutosha. Hata waendapo porini kula nyama kwa siku nyingi, huichemsha pamoja na magome na mizizi, mathalan ya mti uitwao olkiloriti, nao wasema kwamba mchuzi huo husaidia tumbo.

Sasa lazima niseme wazi. Watu wawili wenye afya, waliolindwa na madaktari, si ushahidi kwamba chakula hiki chamfaa kila mtu. Mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa zina faida kubwa kwa utumbo, na madaktari wengi hawashauri mtu aziache bila sababu. Mwenye ugonjwa wa figo, mwanamke mwenye mimba, mtoto, na mwenye kisukari atumiaye dawa asijaribu bila kwanza kuonana na daktari; huyo wa mwisho hasa, kwani dawa ile ile aliyozoea yaweza kushusha sukari ya damu hata akazimia. Nyama nayo na iive vizuri, ya nguruwe zaidi, kwa ajili ya tegu na wadudu wengine.

Na tumbo likichafuka pamoja na homa, au damu katika choo, au kutapika kusikokoma, hapo si shauri la shahamu wala mnofu tena. Huenda nyama ilikuwa imeoza, au ni ugonjwa wa kuambukiza. Mgonjwa anyweshwe maji safi lita moja yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo, hata kama aliapa kutogusa sukari. Kisha apelekwe hospitali siku ile ile, na watu wake wamweleze daktari bila kuficha kwamba amekuwa akila nyama tu, ni ya mnyama gani, na kwa siku ngapi.