Lita 40 Zinakwenda Wapi?

Mwezi huu nawaletea kesi ya nyumbani kwangu mwenyewe. Mume wangu anakodisha mahema na jenereta za harusi. Mzigo wote unavutwa na pikapu yetu, Land Cruiser HZJ79 ya mwaka 2004 tuliyoinunua mtumba mwaka 2012. Wanaume mnaijua kwa injini yake, 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta ya kuleta nongwa.

Ugomvi ulikuwa mafuta. Dar hadi Tanga na kurudi ni kama kilomita 700. Bila tela, gari letu linakwenda kilomita 8 kwa lita, yaani lita 88 hivi. Akifunga tela, Baba Neema anaomba hela ya lita 127. Jamani, hizo karibu 40 zinakwenda wapi? Shosti wangu wa ofisini akanijibu fasta: "Zinanywewa nyumba ndogo." Na mimi, na digrii yangu, nikaamini.

Safari iliyofuata nikadandia. Tukajaza tangi hadi shingoni, nikaandika kilomita. Tuliporudi tukajaza tena, pampu ileile. Lita 126. Kumbe nyumba ndogo ni tela! Turubai linapepea, tairi zake zina upepo kiduchu, na mwendo ni 100. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma inapanda mara nne. Safari ya pili tukakaza turubai, tukajaza upepo, tukatembea 80: lita 113. Zilizobaki hazirudi ng'o, kuvuta kuna bei yake.

Marafiki zake wanamwambia auze, achukue pikapu mpya ya tabo. Inakula kidogo, kweli, ila nozeli zake hazisamehi dizeli chafu. Yetu ina kilomita 396,000, na mkanda wa taiming, unaobadilishwa kila 100,000, tumeshauwekea hela. Hatuuzi.

Ila Segera, tukisubiri nyama choma, aliniambia taratibu: "Mama Neema, umehesabu lita miezi mitatu. Kuniuliza mara moja ulishindwa?"

Sikuwa na jibu. Nimeomba msamaha, amesema yameisha. Lakini siku hizi akitoka kujaza mafuta ananiwekea risiti mezani kabla sijafungua mdomo, na kila nikiiona naishiwa hamu ya kula.