Kauri hupimwaje kabla ya kuwekwa mwilini?

Mwaka 1970 daktari mpasuaji wa Ufaransa, Pierre Boutin, alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia za alumina, kauri ngumu isiyoshika kutu wala kulika upesi. Swali likabaki: kiungo kinachohimili uzito wa mgonjwa leo, kitauhimili baada ya miaka 20?

Chuma mara nyingi hupinda kabla ya kukatika. Kauri haipindi. Ndani yake mna nyufa ndogo mno, na mzigo usiotosha kuivunja papo hapo huweza, ukikaa muda mrefu, kuukuza ufa mmoja polepole hadi kauri ipasuke ghafla. Msaidizi wa ufa huo ni maji. Molekuli zake hufika kwenye ncha ya ufa na kuvikata vifungo vya atomi ambavyo tayari vimevutwa. Mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, Sheldon Wiederhorn, alionyesha kwamba ufa katika kioo huenda kasi zaidi kadiri hewa inavyozidi kuwa na unyevu. Na mwili wa binadamu, bila shaka, si mahali pakavu.

Upimaji wenyewe huhitaji subira. Vijiti vya kauri, aghalabu vyenye upana wa milimita 4 na unene wa milimita 3, hulazwa majini juu ya vihimili viwili na kukandamizwa kwa mzigo usiobadilika, huku saa ikihesabu hadi kila kimoja kivunjike. Vijiti huwa vingi, kwani hakuna viwili vyenye nyufa sawa. Kisha mzigo hupunguzwa na kazi huanza upya kwa vijiti vingine.

Hapo hupatikana tarakimu ambayo wahandisi huiita n. Kwa kioo cha kawaida hukaribia 20. Kwa alumina mara nyingi huwa kubwa zaidi. Ikiwa ni 20, kuupunguza mzigo kwa nusu hurefusha maisha ya kijiti zaidi ya mara milioni moja: sekunde moja huwa siku 12. Lakini mzigo ukizidi kwa asilimia 10 tu, maisha hayo hupungua karibu mara saba.

Kwa hiyo hesabu pekee haitoshi. Kiwandani, vichwa vya nyonga hubebeshwa kwanza mzigo mkubwa kuliko utakaotarajiwa mwilini, ili vyenye ufa mkubwa vivunjike huko huko. Mzigo huo sharti uondolewe haraka, kwa sababu hata wakati unapoondolewa, ufa ungali unakua.